Salio la Rehema

SEHEMU YA KWANZA

Ukikaa kwenye kibanda cha wakala miaka minane, unajua siri za mtaa kuliko mjumbe wa nyumba kumi. Najua nani humtumia mama yake hela kila tarehe tano na nani huahidi tu. Namjua mwanamume anayetuma kwa namba mbili tofauti, kisha anasimama palepale akifuta meseji. Hata hela ya msiba naijua: anayeituma hanitajii kiasi kwa sauti, ananionyesha vidole.

Kibanda changu kiko Tandika, hatua chache kutoka sokoni, kati ya muuza mitumba na Abuu fundi simu. Wateja huniita Da' Mwana. Basi siku dada yangu Zuhura aliporudi kutoka hospitali na karatasi ya makadirio, hakuna aliyeuliza nani atashika hela. Wote walinigeukia mimi.

Karatasi ile ninayo mpaka leo. Kiasi cha juu kimekatwa kwa mstari, maana afisa ustawi wa jamii alitusikiliza kwa utulivu, akamuuliza dada anaishije, akaambiwa vitumbua, akaandika msamaha wa sehemu. Chini, kwa kalamu ya bluu, kilibaki kile ambacho familia inatakiwa ilete: Sh 6,000,000. Mtoto wa chini ya miaka mitano sera ya msamaha inambeba. Rehema ana miaka 11. Bima hatukuwa nayo. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipopita bungeni mwaka 2023, dada aliisikia redioni akiwa mbele ya chungu cha vitumbua, akasema alhamdulillahi, akageuza kingine. Kutoka redioni hadi kwenye kadi kuna safari, na ugonjwa haukuisubiri safari hiyo.

Rehema ni mtoto wa kwanza wa dada. Jina alirithi kwa bibi yake mzaa baba. Kwao shemeji ndiyo desturi, binti wa kwanza lazima abebe jina la bibi. Miezi minne kabla ya karatasi ile alikuwa anaruka kamba. Sasa alikuwa analala ameketi, mito mitatu mgongoni, kwa sababu akilala chali pumzi inamkata. Ukimbonyeza kwenye kifundo cha mguu, kishimo kinabaki palepale, kama umebonyeza donge la ngano.

Daktari alituchorea moyo nyuma ya bahasha. Vyumba vinne, na kati ya chumba cha juu na cha chini upande wa kushoto akachora mlango. “Huu ni valvu,” akasema. “Wa Rehema umekunjamana, haufungi. Damu inayotakiwa kwenda mbele inarudi nyuma, inajazana kwenye mapafu.”

Dada akauliza swali ambalo silisahau: “Daktari, kama ni mlango tu, hamna fundi hapa?”

Daktari hakucheka. “Fundi yupo, mama. Ndiyo kazi yetu.”

Zamani mgonjwa wa namna hii alisubiri kupelekwa India. Mwaka 2015 ikaanzishwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, na upasuaji wa kufungua kifua ukawa jambo la kawaida hapa hapa Upanga. Safari ilifupika ikawa ya nauli ya daladala. Kilichobaki kirefu ni bei.

Kaka Hamisi, mkubwa wetu, akafungua kundi la WhatsApp: OKOA MAISHA YA REHEMA. Watu 143. Mimi mhasibu. Kila siku saa mbili usiku nilikuwa napandisha orodha, jina, kiasi, alama ya tiki kwa aliyelipa, na neno “ahadi” kwa aliyeahidi. Wiki ya kwanza neno “ahadi” lilikuwa refu kuliko tiki.

Nisiwaseme watu vibaya. Lakini nilikuwa na daftari lingine, la harusi ya binti wa mjomba, mwaka uliotangulia. Humo kuna mtu aliyetoa Sh 200,000 akachukua kadi ya dabo. Mtu huyohuyo kwa Rehema alituma 5,000, bila ya kutolea. Nilimwelewa. Harusi ina kadi, ina ukumbi, ina pilau na jina lako kutajwa na MC. Ugonjwa hauna kadi ya singo wala ya dabo. Unatoa, unaambiwa Mungu akubariki, unaenda kulala.

“Da' Mwana,” Abuu akaniambia, “mchango bila picha ni daladala bila konda.” Akanihadithia habari za shirika la Marekani liitwalo Watsi, ambalo tangu mwaka 2012 huweka mtandaoni picha na habari za mgonjwa mmoja mmoja, mtu popote alipo akamchangia hata dola tano. Mwanzilishi wake, Chase Adam, alipata wazo ndani ya basi huko Costa Rica, alipomwona mama akipita kwenye viti na jalada la vipimo vya mwanawe, akiomba.

“Kumbe ni yale yale ya Mbagala,” nikamjibu. Nani hajawahi kumwona mtu aliyepanda daladala na bahasha ya kaki, akiinua picha ya eksirei mbele ya abiria waliogeukia dirishani?

“Tofauti ni moja,” Abuu akasema. “Kule kuna ofisi inayohakiki karatasi. Hapa ofisi ni wewe.”

Dada alikataa picha. “Mwanangu si bango.” Aliyeamua ni Rehema mwenyewe, kwa sauti ya pumzi fupi fupi: “Mama, nikivaa sare?” Akavaa sare ya darasa la tano, akaketi kwenye kiti cha plastiki nje ya mlango, akavuta soksi nyeupe juu mpaka uvimbe ukafichika. Akaitazama kamera kama anapigwa picha ya mtihani.

“Hajalia hata kidogo,” Abuu akalalamika.

“Ndivyo atakavyokwenda,” nikasema.

Picha ile ilikwenda. Ilikwenda Morogoro, ikaenda Mtwara, ikavuka maji hadi Unguja na Muscat. Simu ilikuwa inalia kwenye mfuko wa dera mpaka nikaogopa kwenda msalani nayo. Watu nisiowajua walituma 2,000, walituma 30,000, mmoja akatuma 700 na kuandika “ndiyo salio langu lote mamangu”. Siku ya tisa daftari lilisoma Sh 4,315,000.

Alasiri ya siku hiyo akaja mama mmoja wa kupita, ungo wa mchicha kichwani. Akanipa noti ya elfu kumi. “Nitumie kwa huyu mtoto wa moyo. Na ya kutolea.”

Akanigeuzia simu yake. Alikuwa Rehema, na kiti chake, na soksi zake. Chini ya picha kulikuwa na namba ambayo si yangu.

Mikono ikanifa ganzi. Nikaingiza ile namba polepole, tarakimu moja moja, nikaweka kiasi, nikabonyeza nione jina la mwenye laini kabla ya kuthibitisha, kama tunavyofundisha wateja kila siku.

Jina likatokea kwenye kioo. Lilikuwa langu.

*

SEHEMU YA PILI

ILIPOISHIA: Namba ngeni inakusanya mchango kwa picha ya Rehema, na imesajiliwa kwa jina la Mwanaidi, mhasibu mwenyewe. ENDELEA...

Nilimwambia yule mama mtandao unasumbua, arudi jioni. Huo ndio ulikuwa uongo wangu wa kwanza kwa ajili ya Rehema.

Alipoondoka nikapiga *106#. Ukipiga hapo unaziona namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Zangu zilikuwa nne. Mbili za kazi, moja ya siku zote, na ya nne ndiyo hiyo. Nikakaa juu ya ndoo. Haikunichukua hata dakika kuikumbuka.

Mnaikumbuka Januari 2020. Laini isiyosajiliwa kwa alama za vidole ilikuwa inazimwa tarehe 20, na namba za NIDA wengi hawakuwa nazo. Foleni zilizunguka majengo. Ndugu kwa ndugu wakaazimana vidole. Mimi nilimwazima shemeji yangu, Baba Rehema, utingo wa malori ya Tunduma. Niliweka dole gumba kwenye kile kimashine, nikampa laini, akacheka: “Sasa shemeji, nikikopa songesha wanakukamata wewe.” Miaka miwili baadaye alipanda lori akisema anarudi baada ya wiki mbili. Hatukumwona tena. Dada hakutaka jina lake litajwe ndani.

Nilitaka nimweleze Kaka Hamisi kwanza, kwa utaratibu. Sikuwahi. Saa mbili usiku, kabla sijapandisha orodha, mtu akatupia kwenye kundi picha ya kioo cha simu: namba ile, jina langu, na swali moja. “Mhasibu ana namba ngapi?”

Nimewahi kuona kibanda kikiungua sokoni. Hili lilikuwa la haraka zaidi. Wa kwanza akaandika “Astaghfirullah”. Wa pili akaandika kwamba yeye alihisi tangu mwanzo. Akatokea mwingine na ule msemo wa matapeli unaojulikana nchi nzima, “ile hela tuma kwenye namba hii”, ukafuatwa na vicheko vya machozi. Kisha yakaanza kushuka yale maandishi madogo ya kijivu: fulani ameondoka, fulani ameondoka. Nilihesabu hadi 31. Watatu walidai warudishiwe chao.

Usiku huohuo kikao kikaitishwa sebuleni kwa dada. Kaka Hamisi hakupandisha sauti. “Mdogo wangu, lete daftari.” Nikalileta. Akavaa miwani, akaanza kusoma jina moja moja, nami namwonyesha muamala kwenye simu, jina moja moja, mpaka saa saba. Hakuna shilingi iliyopungua. Hapo ndipo nikasema laini ile niliisajili kwa ajili ya nani.

Nilitegemea dada apige kelele. Aliinamisha uso, akaanza kukunja pindo la khanga yake, akakunjua, akakunja. “Huyo mwacheni,” akasema. Hivyo tu.

“Tunamwachaje na anatembea na picha ya mwanao?” Kaka akauliza. Dada hakujibu. Nikaliona jambo usoni kwake, jambo analolijua na sisi hatulijui, lakini usiku ulikuwa umekwenda.

Kaka akaamua mambo mawili. Wale watatu warudishiwe Sh 95,000 yao, na namba ile iripotiwe. Nikaituma namba kwa meseji kwenda 15040, kama tunavyotangaziwa siku zote, na asubuhi ningekwenda polisi na kwenye duka la mtandao. Ilipotimu saa nane usiku daftari lilisoma Sh 4,220,000, na hakuna aliyekuwa bado anatuma.

Sikurudi kwangu. Nililala chini, karibu na kitanda cha Rehema. Kulala ni neno tu. Nilikuwa nawaza mwaka juzi, mwezi wa masika, Rehema alipolalamika koo. Homa siku tatu, kumeza mate anakunja uso. Tukampa maji ya chumvi asukutue, tukampa panadoli, koo likapona. Kumbe halikupona, lilihama. Daktari alitueleza: kuna bakteria wa koo ambao mwili ukipigana nao bila dawa, ile silaha ya mwili huja kukosea njia, ikashambulia viungo vya miguu na mikono, ikashambulia na valvu za moyo. Kweli, baada ya lile koo aliumwa magoti, tukasema anakua. Dozi ya penisilini wakati ule isingefika bei ya kilo ya nyama. Hata sasa, baada ya upasuaji, atakuwa anachomwa sindano hiyo hiyo kila wiki tatu au nne kwa miaka mingi, ili koo lisije kurudia kazi yake.

“Mamdogo.”

“Nipo, mama.”

“Hujalala?”

“Nalala sasa hivi.”

Akanyamaza kidogo, akivuta pumzi. Nikasikia ile sauti ya maji kifuani mwake, mfano wa mtu anayevuta soda iliyobaki chini ya chupa.

“Mamdogo, leo nimefika ngapi?”

Mwanzoni sikumwelewa. Kisha nikaelewa, na nikashukuru kwamba taa ilikuwa imezimwa. Siku kumi tulikuwa tunasoma hesabu mbele yake, tumefika milioni mbili, tumefika tatu na nusu. Mtoto naye akajihesabu.

“Umefika pazuri,” nikamwambia.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi simu ya dada ikaita. Nesi, sauti ya upole: “Mama, timu ya madaktari wageni iko kambini hadi Ijumaa, mnajua. Mtoto aliyekuwa na zamu ya kesho amepata homa, hawezi kuingia na homa. Daktari ameona nafasi hiyo apewe Rehema, maana hali yake haingojei kambi nyingine. Mleteni leo. Na ile sehemu ya familia ikamilike kabla ya saa kumi jioni, tuagize vifaa vyake.”

Dada akanitazama. Mimi nikatazama daftari.

Ilikuwa imepungua Sh 1,780,000, na mhasibu alikuwa mwizi mbele ya kundi zima.

*

SEHEMU YA TATU

ILIPOISHIA: Rehema amepata zamu ya upasuaji, lakini hela haijatimia, na zimebaki saa tisa na nusu tu itimie. ENDELEA...

Dada alitangulia hospitali na Rehema kwa bajaji, begi la nguo mapajani. Vijana wanne wa kijiwe cha bodaboda walikuwa wamekwishatangulia kwenda kutoa damu. Mchango wao haukuandikwa kwenye orodha, na hakuna aliyewauliza risiti.

Mimi nikapitia kibandani nichukue kitambulisho. Nikawakuta wamekaa kwenye benchi langu, wanawake wa sokoni, sita au saba. Mbele yao yule mama wa mchicha wa jana. Nikajua nimefuatwa kudaiwa.

Akafungua fundo la khanga. “Jana uliniambia mtandao unasumbua,” akasema. “Usiku nikaletewa yale maneno ya kwenye kundi. Nikawaambia hawa, mwizi gani anakurudishia elfu kumi yako mkononi?” Akaziweka mezani, noti za elfu, za mia tano, na sarafu zilizonuka bizari. Sh 140,000. Nilitaka kusema neno, likakataa kutoka. Nikaandika kwenye daftari: Akina mama wa sokoni, tiki.

Sh 4,360,000. Imepungua 1,640,000.

Kaka Hamisi alikuwa anahangaikia kuuza pikipiki yake, na mnunuzi, alipojua ana haraka, akazidi kushusha bei. Saa sita, hakuna. Saa saba, mnunuzi akazima simu. Saa saba na nusu nikaingia duka la mtandao wa simu, kitambulisho mkononi, nikiwa nimekwenda kulalamika kwamba laini yenye jina langu inatumika kitapeli.

Kijana wa kaunta alinisikiliza, akaangalia kwenye kompyuta yake. “Dada, hii laini kweli ni yako. Unataka tuifunge, au tukurudishie?”

“Kunirudishia kivipi?”

“Kama umepoteza. Unaweka kidole, nakupa kadi mpya, ile ya zamani inakufa. Kila kilichomo kinakuja kwako.”

Kila kilichomo.

Niseme ukweli, wasomaji wangu. Mpaka pale sikuwa nimeliwaza hilo hata mara moja, na tangu pale sikuwaza kitu kingine. Wakala anajua maana ya jina kwenye laini. Mbele ya mtandao, mbele ya polisi, mbele ya hakimu, hela iliyomo ni ya mwenye kidole. Na hela yenyewe ilitolewa kwa nani? Ilitolewa kwa yule mtoto wa kwenye picha, mwenye soksi nyeupe. Kila aliyetuma alitaka ifike kwake. Kuichukua na kuipeleka hospitali kulikuwa na ubaya gani? Na kama nisipoichukua sasa, ile ripoti yangu ya usiku ingefanyiwa kazi, laini ingefungwa, na hela ingefungiwa humo, asinufaike tapeli wala mgonjwa.

Lakini ndani yangu kulikuwa na mtu mwingine anauliza: kama aliyeisambaza picha ni Baba Rehema, baba kweli, je? Baba haruhusiwi kumwombea mwanawe? Labda alikuwa anakusanya ili alete. Labda alikuwa njiani. Na kwa nini dada alisema “huyo mwacheni”?

“Dada, foleni,” kijana akasema.

Nikaweka dole gumba kwenye kimashine. Taa nyekundu, haikusoma. Vidole vya wakala vimelika kwa kuhesabu noti. Nikalifuta dole kwenye dera, nikaweka tena. Taa ya kijani. Ni kimashine kilekile, na dole ni lilelile la Januari 2020.

Nikatoka nje nikasimama chini ya mwembe, nikaitia kadi kwenye kiswaswadu changu cha akiba. Namba mpya ya siri nilikuwa nimeshapewa. Nikafungua, nikachagua kuangalia salio, nikangoja. Meseji ikaingia.

Sh 1,655,000.

Nikaisoma mara tatu. Sh 1,640,000 zilizopungua, na Sh 15,000 juu yake, nauli na chakula cha dada hospitali. Ningekaa chini nikatunga hesabu, nisingeitunga vizuri hivyo. Nikamwandikia dada: “Imetimia. Nakuja.” Nikabonyeza kutuma. Saa ilikuwa tisa na dakika kumi.

Nikafungua tena ili niihamishe hela yote. Nikaingiza namba ya malipo ya hospitali, nikaweka kiasi, nikaweka namba ya siri. Ikabaki kubonyeza moja tu, thibitisha.

Simu ikaita.

Ni laini ileile mpya iliyokuwa inaita, laini ambayo dakika ishirini zilizopita ilikuwa mfukoni kwa mtu mwingine. Namba sikuijua. Nikaipokea bila kusema neno.

“Haloo? Afadhali umepatikana!” Sauti ya mwanamke, mwenye haraka, aliyelia kisha akanyamaza. “Toka mchana nakupigia haupatikani. Sikiliza, homa ya mtoto imeshuka. Nesi kasema imeshuka kabisa. Kaniambia tukamilishe hela leo kabla ya saa kumi, ataongea na daktari arudishwe kwenye zamu yake ya kesho. Umeshaitoa? Uko wapi?”

Mwembe, barabara, pikipiki, vyote vikawa mbali. Nyuma ya sauti yake nilisikia mtoto anakohoa, kisha anavuta pumzi, na katika pumzi ile nikasikia kitu nilichokijua kuliko jina langu: mtu anayevuta soda iliyobaki chini ya chupa.

“Haloo? Baba Rehema?”

Midomo ilikuwa imenikauka. “Nani mwenzangu?” nikauliza.

Kimya. Kisha ile sauti ikarudi, safari hii polepole, ikiwa na woga wa mwanamke aliyesikia mwanamke mwenzake kwenye simu ya mumewe.

“Mimi Mama Rehema,” akasema. “Kwani wewe nani?”

Kidole changu kilikuwa bado juu ya kitufe. Saa tisa na dakika kumi na nne.

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO

Neno kwa msomaji: Jumamosi ni mbali, na huenda kabla haijafika mwanao, au wa jirani, akaamka na homa na koo linalouma asiweze kumeza. Usimalize kwa maji ya chumvi. Mpeleke zahanati akachunguzwe, na akiandikiwa dawa, amalize dozi yote hata kama siku ya pili anacheza. Familia ya simulizi hii inatafuta milioni sita kwa sababu ya koo ambalo halikupelekwa zahanati.